Malaika na Mali: Wimbo, Mtunzi na Santuri

Wimbo ukivuma hupata wazazi wengi. Usipovuma hukosa hata jirani wa kuutaja. Katika muziki wa jazi wa Marekani zimo nyimbo ambazo kila mpigaji hutarajiwa kuzijua, na ambazo kila kizazi huzipiga upya kwa namna yake bila kuhesabiwa wizi. Wimbo wa "Summertime", ambao George Gershwin aliutungia sauti kwa ajili ya opera ya Porgy and Bess ya mwaka 1935, ni mmojawapo. Walioupiga hawana idadi, lakini aliyeutungia sauti anajulikana. Afrika ya Mashariki nayo inao wimbo wa daraja hiyo, na jina lake ni "Malaika". Umeimbwa katika mahoteli ya pwani, katika harusi, na katika majumba makubwa ya muziki ya Ulaya na Marekani. Walakini juu ya mtunzi wake ubishi haujakatika. Ubishi huo si wa bure, maana jina la mtunzi ni heshima kwa marehemu na ni riziki kwa warithi wake. Lakini kwa muda mrefu umeendeshwa kwa shahidi mmoja tu, yaani karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri. Wimbo wenyewe haukuulizwa vya kutosha.

Mahali pema pa kuuliza ni Chalinze. Mji huo uko kilomita 100 hivi magharibi ya Dar es Salaam, pale barabara kuu inapogawanyika. Mkono mmoja huendelea Morogoro na bara. Mkono wa pili hugeuka kaskazini kwa Lugoba na Msata, ukavuka Mto Wami, ukafika Segera, na huko ukaachana tena, huku Tanga na huku Moshi na Arusha. Bendi za dansi zinazosafiri baina ya miji hiyo hupita hapo. Nyingi za zamani zilijiita kwa jina la jazi, ijapokuwa zilipiga rumba zaidi kuliko jazi ya Wamarekani. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932 na Morogoro Jazz Band mwaka 1944; Cuban Marimba ya Salum Abdallah ilianza Morogoro mwaka 1948; na Tanga ikawa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Chalinze haina madai yoyote juu ya "Malaika". Haikumzaa yeyote katika wanaotajwa kuutunga, wala haikuwa na studio. Kwa sababu hiyo msikilizaji wa Chalinze anafaa kuwa mwamuzi: hana shamba katika kesi, lakini lugha ya wimbo ni yake, na jambo linaloliliwa na wimbo analijua nyumbani kwake.

Madai yenyewe ni haya. Adam Salim, Mtanganyika aliyezaliwa mwaka 1916, husimuliwa kuwa aliutunga wimbo huo mwaka 1945 alipokuwa Nairobi, kwa ajili ya msichana aliyempenda na ambaye wazazi wake walimwoza mtu mwenye mali. Fadhili William, mwana wa Taita katika Kenya, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2001, aliutia katika santuri pamoja na bendi yake ya Jambo Boys, kisha akaurudia katika studio za Equator za Nairobi zilizosimamiwa na Charles Worrod, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yeye alishikilia kwamba wimbo ni wake. Tena yametajwa majina ya Grant Charo na Lucas Tututu, nao pia wa Kenya. Kama mwaka 1945 ni wa kweli, basi wimbo ulikuwako wakati Fadhili William alipokuwa mtoto wa miaka 7, na santuri yake haiwezi kuwa mwanzo wa habari. Lakini mwaka huo umeletwa na kumbukumbu za watu, na mwaka wa santuri umeletwa na chapa. Mizani ya biashara, siku zote, imeipa chapa uzito mkubwa zaidi.

Kabla ya kuukubali uzito huo, yafaa kukumbuka jinsi santuri zilivyopatikana katika sehemu hizi. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafirishwa pamoja na wenziwe mpaka Bombay ili sauti yake inaswe na kampuni ya His Master's Voice. Sauti ya mwambao ililazimika kuvuka bahari ili irudi nyumbani ikiwa bidhaa. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Nairobi ikawa kitovu cha kazi hiyo kwa Afrika ya Mashariki. Dar es Salaam ilipata redio: Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Redio hizo zilizinasa bendi katika kanda na kuzitangaza nchi nzima. Lakini kanda iliyo ghalani haiuzwi sokoni, wala haina karatasi inayosafiri nayo hadi New York. Mpigaji wa Tanganyika aliyetaka wimbo wake uwe mali ya kununuliwa alipaswa kwenda Nairobi, na asiye na nauli alibaki na wimbo wake kinywani. Basi jina lililo juu ya santuri huthibitisha jambo moja bila shaka, yaani nani alifika mbele ya mikrofoni. Haliwezi peke yake kuthibitisha nani alikuwa wa kwanza kuumizwa na maneno hata akayatunga.

Ajabu ni kwamba sheria yenyewe haikudai santuri. Sheria ya Kiingereza ya hakimiliki ya mwaka 1911 haikumlazimisha mtunzi kuiandikisha kazi yake. Haki ilizaliwa pamoja na kazi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, iliyoleta Chama cha Hakimiliki, yaani COSOTA, inafuata msingi huo huo. Kwa hiyo aliyetunga chini ya mwembe alikuwa na haki sawa na aliyetunga ndani ya studio. Tofauti ilikuwa katika kuonyesha. Sheria ilimpa masikini haki. Mazoea ya biashara yakamdai hati.

Washairi wa Kiswahili wa zamani waliijua hatari hiyo, wakaiwekea kinga ndani ya shairi lenyewe. Katika tenzi nyingi mtunzi hujitaja kuelekea mwisho: jina lake, pengine na ukoo wake, mji wake na mwaka wa kutunga. Tarehe na nasaba zimetiwa vina na mizani kama beti nyingine, hata mwenye kuzifuta huonekana kuwa amebomoa ukuta. Ndiyo maana utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, ambao unaeleza mambo ya pwani hii hii ya Bagamoyo na Pangani, haukupotewa na mtunzi wake. Hata malenga walioandika katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, hawakuzoea kuachia beti zao ziende bila jina na mahali. Wimbo wa dansi uliacha desturi hiyo. Ulikuwa mfupi, ulirudiwa-rudiwa, na ulikusudiwa miguu pamoja na masikio. Haukuwa na ubeti wa kutia muhuri. "Malaika" ni wimbo wa namna hiyo. Jina la mtunzi lilikaa nje ya wimbo, na kitu kilicho nje huokotwa na apitaye.

Upotevu wa jina haukuanza na muziki, na Bagamoyo inao mfano wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, aliandika sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1903. Jina lililowekwa mbele ya kitabu lilikuwa la Carl Velten, Mdachi aliyekusanya na kuhariri. Miaka mingi wasomaji walikitaja kitabu kwa jina la mhariri. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotolewa mwaka 1981, ndiyo iliyoliweka jina la Mtoro mbele. Haki ilirudi kwa sababu watu walikubali kusoma kilichomo ndani na kuuliza ni nani aliyeweza kujua mambo hayo. Afrika ya Kusini nayo ina habari ya Solomon Linda, aliyenasa wimbo wa "Mbube" mwaka 1939 huko Johannesburg na kuachia haki yake kwa malipo madogo. Wimbo huo ulivuma duniani kwa jina la "Wimoweh", na baadaye, mwaka 1961, kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight". Linda alifariki mwaka 1962 akiwa masikini, na warithi wake walipata mapatano mwaka 2006. Tofauti ya habari hizi mbili ni ya kufundisha. Santuri ya Linda ilimshuhudia na haikumlipa. Santuri ya "Malaika" imelipa wengine bila ya kumaliza ushahidi.

Sasa na uulizwe wimbo wenyewe. Anayesema ni kijana wa kiume. Anampenda msichana, anamwita malaika, na baadaye anamwita ndege mdogo. Angemwoa, lakini ameshindwa na mali. Hakuna adui mwingine katika wimbo: hapana mshindani anayetajwa, wala baba mkali, wala usaliti. Kuna fedha tu, nayo haipo. Neno malaika, katika kinywa cha mtu wa Mrima, halina maana moja. Ni kiumbe wa mbinguni. Ni mtoto mchanga asiye na dhambi. Tena ni vinyweleo laini vya mwilini. Uzuri, usafi na ukaribu wa mwili vimo ndani ya neno moja. Halafu neno mali huja na kuanza kwa sauti zile zile. Sikio lenye Kiswahili husikia maneno mawili yakitoka mlango mmoja na kwenda njia mbali mbali: malaika yuko juu, hali, hanywi wala hahitaji kitu, mali iko chini, nayo ndiyo inayomzuia kijana asimfikie. Pengine mtunzi hakukusudia mlingano huo. Lakini shairi hupimwa kwa lililomo, na mlingano umo. Hii ndiyo nguvu ya wimbo, nayo imekaa katika maneno kabla ya kukaa katika gita.

Kwa msikilizaji wa Chalinze nguvu hiyo ni zaidi ya uzuri wa sauti. Wakwere, Wadoe na Wazigua wa sehemu hizo wanaishi kwa mila zao na, walio wengi, kwa dini ya Kiislamu. Kwa dini, mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Qurani, katika Sura ya An-Nisaa, yaamrisha wanawake wapewe mahari yao. Kwa mila, pana vitu vingine vinavyowaendea wazee wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari amevieleza kwa mwambao huu, kama kilemba cha upande wa baba na mkaja wa mama. Kwa Wakwere, ambao hufuata ukoo wa mama, neno la mjomba nalo lina uzito. Basi kijana anapolia kwamba ameshindwa na mali, msikilizaji huyo huuliza: mali ipi? Ile ya msichana au ile ya wazee? Wimbo haujibu. Unaitaja mali kwa jumla, na kwa kufanya hivyo unayaweka matakwa yote katika fungu moja, kama yanavyoonekana machoni pa mtu asiye na kitu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikutimizwa. Kwa sheria, kijana wa wimbo angeweza kuoa. Lakini wimbo haukutungwa mahakamani. Umetungwa katika mlango wa wakwe, na huko kijana bado husimama.

Ukisomwa hivi, wimbo unatoa mwanga kidogo juu ya asili yake. Masimulizi ya Adam Salim, ya msichana aliyeozwa mtu mwenye mali, yanalingana na maneno kwa ukamilifu. Hata hivyo mhakiki asiikimbilie hoja hiyo. Hadithi inaweza kuulingana wimbo kwa kuwa ndiyo iliyouzaa, au kwa kuwa wimbo ndio uliovuta hadithi inayoufaa. Tena jambo linalolalamikiwa ni la vijana wengi sana, wa Moshi, wa Taita, wa Mombasa na wa Lugoba. Yeyote katika waliotajwa angeweza kulijua. Linaloweza kusemwa kwa yakini ni hili: mtunzi alikijua Kiswahili kwa undani, na aliujua umasikini kwa undani huo huo. Wimbo haukutungwa na mtu aliyekuwa akitafuta neno tamu la kuwauzia wageni.

Walakini ni wageni walioupeleka mbali. Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 1966. Jirani zake katika santuri hiyo zilikuwa nyimbo za Afrika ya Kusini, na baadhi yake zililalamikia moja kwa moja utawala wa ubaguzi. Wimbo wa mtu aliyezuiwa na ufukara kumpata ampendaye ungeweza kusikika hapo kama ndugu wa malalamiko hayo. Lakini juu ya karatasi uliongezewa jina la Kiingereza lenye maana ya "malaika wangu", na kwa msikilizaji asiyejua Kiswahili jina hilo likawa wimbo mzima. Mali ilitoweka, akabaki malaika.

Jambo jingine lilitokea kwa sababu Makeba ni mwanamke. Kwa Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kitenzi chenyewe kinaonyesha ni nani anayesema. Makeba hakukibadili. Aliimba kuoa, si kuolewa, na kwa hiyo aliazima kinywa cha kijana wa kiume. Asiyejua lugha humsikia mwanamke akimwimbia ampendaye. Ajuaye lugha husikia jambo zito zaidi: mwanamke anayabeba maneno ya mwanamume masikini, kana kwamba yule anayeitwa malaika amekubali kumsemea yule asiyeweza kumwoa. Kuna waliokilaumu Kiswahili cha Makeba kwa matamshi yake. Lawama hiyo ina haki kidogo, lakini ni ndogo mbele ya alilolifanya. Maana katika kuacha kitenzi kama alivyokikuta, aliitunza sura ya wimbo kuliko walivyoitunza wengi waliomfuata.

Na waliomfuata ni wengi. Hep Stars wa Sweden waliuimba katika miaka ya 1960, Boney M., kundi la disko la Ujerumani ya Magharibi, waliutoa mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin aliutia katika santuri yake ya Logozo mwaka 1991. Katika mikono ya Boney M. mwendo wa disko na wingi wa sauti umekuwa pazia: maneno yanasikika, lakini maombolezo hayaonekani. Kidjo ameurudishia upole, na sauti yake imeacha nafasi baina ya maneno, hata mtu asiyeelewa huhisi kuwa kuna anayekosa kitu. Huko nyumbani bendi za mahoteli ya pwani zimeupiga kwa watalii, zikiuweka mahali pamoja na nyimbo za kukaribisha wageni. Hiyo ndiyo hali ya chini kabisa ambayo wimbo huo umefikishwa, nayo haikuletwa na ubaya wa wapigaji. Imeletwa na mazoea ya kuusikiliza kama sauti isiyosema neno.

Kwa hiyo hukumu ya haki ina sehemu mbili. Kwanza, Fadhili William apewe haki yake bila choyo. Bila yeye, Makeba na waliomfuata pengine wasingepata cha kuimba. Kuutoa wimbo kinywani na kuufikisha katika santuri ni kazi ya msanii, si kazi ya mchukuzi. Pili, haki hiyo isifanywe kuwa ushahidi wa kuwafuta wengine. Santuri ni hati ya kufika. Mwenye kudai kutunga kabla yake, kama Adam Salim, hawezi kushindwa kwa sababu tu hakufika, maana kutofika kwake kunafanana mno na habari ya kijana wa wimbo. Kijana huyo naye alikuwa na upendo, akashindwa na mali. Kuwagombanisha Watanzania na Wakenya juu ya jambo hili hakuna faida. Mpaka wa nchi hizo haukuuzuia wimbo usivuke, wala haukuuzuia umasikini uliomo ndani yake.

Lipo na funzo la kazi kwa wanafunzi wa vyuo wanaokusanya nyimbo. Hugh Tracey alipopita Afrika ya Mashariki mwaka 1950 na mwaka 1952 akinasa muziki, alizoea kuandika lugha, mahali na waimbaji wa kila wimbo. Mengi yanaweza kukosolewa katika kazi yake, lakini desturi hiyo ni ya kuigwa na kuongezewa swali moja: nani alitunga, na nani mwingine anasema alitunga? Katika vijiji vya njia ya Chalinze, kutoka Lugoba mpaka Mbwewe, nyimbo za harusi na za ngoma bado zinaimbwa na watu ambao hawajafika mbele ya mikrofoni yoyote. Simu moja ya mkononi yatosha leo kuzinasa, na anayenasa ndiye ambaye jina lake litatangulia kuandikwa. Aandike basi na jina la aliyemwimbia, na jina la yule ambaye mwimbaji alijifunza kwake, na kama majina yanagongana, ayaandike yote mawili.

"Malaika" ungeandikwa hivyo tangu mwanzo, ubishi usingekosekana, lakini ungekuwa na mashahidi zaidi ya mmoja. Kwa sasa shahidi mkubwa aliyesalia ni maneno yenyewe. Nayo yanasema juu ya mtu asiye na mali, aliyempenda aliye juu ya mali.